Shahada Haitaji Kazi: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Sayansi, Sekenke

Wazee wetu wa Sekenke na Shelui mliotupokea, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa vyuo vikuu mliokuja hapa kwa mafunzo kwa vitendo, tukae kivulini tuzungumze.

Nimeombwa nieleze kwa nini mwanafunzi wa sayansi ahudhurie maonesho ya ajira. Jambo hili kwa kawaida husemwa ukumbini, Dodoma au Dar es Salaam, mbele ya mabango ya kampuni. Nimependa lisemwe hapa, kwa sababu Sekenke, mkoani Singida, ina ushahidi ambao ukumbi hauna.

Dhahabu ya hapa iligunduliwa mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani, na miaka miwili baadaye uchimbaji ukaanza. Huu ndio uliokuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu katika nchi yetu. Kabla ya Geita, kabla ya Bulyanhulu, kabla ya ule mgodi wa Golden Pride uliofunguliwa jirani zetu Nzega mwishoni mwa miaka ya 1990, palikuwa na Sekenke. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto na meli za Waingereza zikaziba pwani, serikali ya Kijerumani ilikosa sarafu za kulipia askari na kununulia chakula. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, dhahabu ya mlima huu ikageuzwa sarafu ya rupia 15. Upande mmoja una tai, upande wa pili tembo na mlima nyuma yake. Zilipigwa sarafu kama 16,000 hivi, kisha Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani huziita kwa jina la mji ule, lakini dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke.

Aliyesimamia kazi ile ya sarafu aliitwa Friedrich Schumacher. Alikuwa mtaalamu wa madini, msimamizi wa mgodi wa hapa, na baada ya vita alirudi kwao akawa profesa katika chuo cha madini cha Freiberg. Fikirini kidogo juu ya mtu huyu. Chuoni alisoma miamba. Hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba siku moja ataambiwa asafishe dhahabu, aipime usafi wake, aichanganye na madini mengine ili iwe ngumu ya kutosha, kisha aipige muhuri kwa mashine zilizokuwepo kwenye karakana ya treni. Elimu yake ilimpeleka kwenye kazi ambayo haikuwa na jina siku alipopokea shahada.

Na babu zetu Wanyiramba, waliokuwa wakiishi juu ya dhahabu hii, walikuwa wapi? Walichimba, walibeba, walilipwa kidogo. Akili walikuwa nazo. Walichokosa ni mtu wa kuwafungulia mlango waone kazi zilizokuwa ndani ya ofisi na maabara ya mgodi: nani anapima, nani anakokotoa, nani anaamua shimo liende wapi. Maarifa yalikaa ndani, nguvu kazi ikakaa nje. Nalisema hili mbele ya wazee kwa heshima, kwa kuwa hata leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, nakutana na kijana mwenye shahada ya kemia, mzaliwa wa wilaya hii ya Iramba, ambaye hajui kwamba kemia yake inatumika kilomita chache kutoka kwao. Yeye anajua kazi mbili tu: kufundisha sekondari, na kusubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira.

Shahada hutaja somo, haitaji kazi. Cheti chako kitaandikwa fizikia, hisabati, biolojia, jiolojia. Ni nadra kuona tangazo linalosema anatafutwa mtu wa fizikia. Mwenzako anayesoma sheria au uhasibu anajua toka mwaka wa kwanza mtu wa fani yake anakaa ofisi gani. Wewe wa sayansi huna picha hiyo, na darasani haipatikani, kwa sababu mwalimu wako naye, mara nyingi, alitoka kiti cha mwanafunzi akaenda kiti cha mwalimu. Ndiyo maana nasema mwanafunzi wa sayansi anayahitaji maonesho ya ajira kuliko mwanafunzi mwingine yeyote chuoni. Cha kusikitisha, ndiye anayeonekana kwa nadra. Ukipita kwenye mabanda utawakuta wa biashara wamevaa suti, wa sayansi wako maabara wanamalizia ripoti ya jaribio ambalo jibu lake linajulikana tangu karne ya 19.

Tuutumie mlima huu basi kuona sayansi ngapi zimo ndani yake.

Mwanajiolojia anaonekana wazi, sina haja ya kumweleza sana. Miamba ya hapa ni mikongwe mno, sehemu ya uti wa kale wa nchi yetu unaokwenda hadi maeneo ya dhahabu ya kusini mwa Ziwa Victoria, na dhahabu imekaa kwenye mishipa ya mawe meupe ya kwatzi. Lakini mshipa ulioko chini hauonekani. Anayeutafuta bila kuchimba ni mtu wa fizikia: anapima mabadiliko madogo ya sumaku ya dunia, anapitisha umeme ardhini, anasoma mvutano. Wangapi kati yenu wa fizikia mmewahi kuambiwa hivyo?

Sasa wa hisabati. Ninyi ndio mnaojiona mko mbali zaidi na shimo, kumbe mko karibu kuliko mnavyodhani. Mgodi huchukua sampuli chache kutoka kwenye mashimo ya utafiti, kisha lazima ukadirie dhahabu iliyoko katikati ya mashimo hayo, mahali ambapo hakuna aliyegusa. Ukikosea, unajenga mtambo wa mabilioni juu ya mwamba mtupu. Mwaka 1951 mhandisi wa Afrika Kusini, Danie Krige, aliandika tasnifu ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand akionesha jinsi takwimu zinavyoweza kurekebisha makadirio hayo. Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia kamili katika miaka ya 1960, na akaipa mbinu hiyo jina la Krige. Leo inatumika kukadiria mvua, uchafuzi wa hewa, samaki baharini, kuenea kwa malaria. Ilizaliwa kwa swali la mchimba dhahabu. Mwanafunzi wa takwimu akilisikia hili kwa mara ya kwanza kwenye banda la kampuni ya uchimbaji, somo lake la semista nzima linageuka na kuwa na uso wa binadamu.

Kwa wa kemia nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa kuna maisha ya watu. Wachimbaji wadogo wa maeneo haya hushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, huleta mawe kwenye makarasha, yaani mashine za kusagia, huyasaga, huyaosha, na wengi hukamatia dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikichomwa inageuka mvuke, na mvuke huo unaingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu, ya mchimbaji, ya mke wake anayepika karibu, na ya mtoto aliye tumboni. Ikifika kwenye maji, vijidudu huigeuza kuwa aina mbaya zaidi inayojikusanya ndani ya samaki. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote duniani cha zebaki inayokwenda angani kutokana na shughuli za binadamu. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na kwa hiyo tuna wajibu wa kuipunguza. Nani ataifanya kazi hiyo? Tangazo la redio halitoshi. Anahitajika mkemia atakayekaa na wachimbaji na kuwaonesha njia nyingine inayowalipa.

Njia mojawapo ni sayanaidi, ambayo nayo ni sumu kali na inahitaji mtu anayeielewa. Iligunduliwa kwa ajili ya dhahabu mjini Glasgow mwaka 1887 na mkemia John Stewart MacArthur akishirikiana na ndugu wawili madaktari wa ukoo wa Forrest. Myeyuko hafifu wa sayanaidi, ukipata oksijeni ya kutosha, unaiyeyusha dhahabu ambayo jicho haliioni. Ndiyo sababu marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, yana thamani hadi leo. Lakini myeyuko huo ukikosa chokaa, ukashuka kuelekea upande wa asidi, hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaijua sababu yake: ni ile mizani ya asidi na besi aliyoifanyia mtihani. Kati ya kuijua kwenye karatasi na kulinda uhai wa watu kwenye mtambo kuna hatua moja, nayo ni kujua kwamba kazi hiyo ipo na inatafuta mtu.

Wa biolojia, msidhani nimewasahau. Vumbi la kwatzi na mapafu, maji ya duara na kichocho, udongo uliochimbwa na miti ya kuurudishia uhai: hayo ni yenu, na sheria inadai tathmini ya mazingira kabla mradi mkubwa haujaanza. Kila tathmini ina sura ya mimea na wanyama, na sura hiyo huandikwa na mtu.

Sasa geuzeni macho kutoka mlimani, mtazame bonde la Wembere chini yenu. Hii miteremko ya Sekenke inayowatoa jasho madereva wa malori ni ukingo wa Bonde la Ufa. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania limekuwa likitafuta mafuta katika eneo la Eyasi-Wembere. Kusini-magharibi mwa nchi, mwaka 2016, watafiti walitangaza heliamu nyingi katika bonde la Rukwa, gesi ambayo mashine nyingi za MRI za hospitali haziwezi kufanya kazi bila baridi yake. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika mkoa wetu wa Singida. Mafuta yake yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto na livikwe povu la polima. Kazi ya kulivika ilijengewa kiwanda chake Sojo, wilayani Nzega, jirani hapo. Nimewauliza wanafunzi wa kemia ya polima kama wanakijua kiwanda hicho. Wengi walidhani Sojo ni jina la mtu.

Si madini peke yake. Maji ya visima vingi vya Singida yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mnayaona meno ya watoto wetu. Kuna kazi ya mhaidrolojia, ya mkemia wa maji, ya mtu wa afya ya jamii. Halafu kuna alizeti. Mkoa huu unalisha nchi mafuta ya alizeti, na tangu kanuni za mwaka 2011 mafuta ya kula ya viwandani yanatakiwa kuongezwa vitamini A. Nyuma ya kila chupa yenye nembo ya ubora kuna mtu aliyepima asidi huru na peroksaidi.

Nilimwona binti mmoja wa mwaka wa tatu, wa kemia, kwenye maonesho ya wakulima Nzuguni, Dodoma. Wenzake walipita kwenye banda la wakamuaji wa alizeti wakachukua kofia. Yeye alisimama akauliza: mafuta yenu yakikaa dukani juani, mnajuaje yataharibika lini? Yule ofisa wa mauzo hakuwa na jibu, akampigia simu mtu wa maabara. Mtu wa maabara akaja. Wakaongea hadi banda likaanza kufungwa. Likizo iliyofuata binti huyo alifanyia mafunzo yake kwa vitendo kwenye maabara ile. Hakuwa na mjomba pale. Alikuwa na swali.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wengi huenda kwenye maonesho wakidhani ni mnada wa kazi: unafika na bahasha 20 za wasifu, unazigawa, unarudi bwenini kusubiri simu. Simu isipokuja wanasema maonesho ni bure. Mimi nasema nenda ukaulize. Aliyekaa bandani mara nyingi ni kijana aliyehitimu miaka michache iliyopita. Muulize jana asubuhi alifanya nini kazini. Muulize ni somo gani la chuoni analitumia kila siku, na ni jambo gani alilazimika kujifunza baada ya kuajiriwa. Muulize kama wanachukua wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, barua iende kwa nani, na mwezi gani. Ukiwa mwaka wa kwanza ukapata jibu kwamba wanataka mtu anayejua kuchora ramani kwa kompyuta, umebakiza miaka miwili ya kujifunza, na programu kama QGIS haiuzwi, inapakuliwa bure. Ukilipata jibu hilo hilo baada ya kuhitimu, umechelewa.

Kwa hiyo nenda mwaka wa kwanza, wakati huombi chochote. Mtu asiyeomba kazi huongeleshwa kwa moyo mkunjufu. Soma kidogo kuhusu taasisi kabla hujafika. Andika majina ya uliozungumza nao, na usiku huohuo waandikie barua pepe fupi ya shukrani ukikumbusha mlichozungumza.

Msisubiri bango lililoandikwa maonesho ya ajira. Maonesho ya Teknolojia ya Madini ya Geita, yaliyoanza mwaka 2018, ni maonesho ya ajira hata kama hayaitwi hivyo: wapo wauza mitambo, maabara, Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), Tume ya Madini. Nane Nane, maonesho ya wakulima ya kanda yetu ya kati pale Nzuguni, ni hivyo hivyo. Maonesho ya biashara ya Sabasaba pia. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyoko Dodoma na yenye mizizi yake mwaka 1925, ina ramani na maabara, na watumishi wake hukaa bandani wakitamani mtu awaulize jambo la maana. TaESA ya serikali, inayoshughulikia huduma za ajira, huwaunganisha wahitimu na nafasi za kujifunza kazini. Wanafunzi wa uhandisi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa kuwalea wahandisi wahitimu; uulizieni mkiwa bado chuoni.

Najua mnachosema mioyoni. Mnasema, mwalimu, kazi hupatikana kwa kujuana. Sitalikana hilo, nimeishi nchi hii na nimeona mengi. Lakini lifikirini vizuri. Mtoto wa Masaki, mtaa wa matajiri wa Dar es Salaam, ana baba mdogo wizarani na shangazi benki. Tangu utotoni amekula chakula cha jioni na watu wanaojadili zabuni, kwa hiyo anajua kazi zilizopo kabla hajajua hesabu za kugawanya. Maonesho ya ajira kwake ni matembezi. Mtoto wa mkulima wa alizeti wa Shelui hana meza hiyo ya chakula. Kwake banda ndilo mahali pa pekee ambapo mtu wa ndani ya taasisi amekaa wazi, hana mlinzi mlangoni, hana karani wa kumwambia njoo kesho, na amelipwa na mwajiri wake amsikilize mgeni yeyote. Kama kujuana ndio mlango, basi hapo ndipo asiyejulikana anapojulikana. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu wanaoyasusa maonesho kwa madai ya kujuana mara nyingi ndio wanaoyahitaji zaidi.

Kwa wasichana nina neno la nyongeza. Chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kimekuwepo tangu mwaka 1997, na wanawake wamo kwenye jiolojia, maabara na usimamizi wa mitambo. Ukikuta mwanamke bandani, muulize maswali ambayo hungemuuliza mwanamume: kambi za utafiti zikoje, usalama ukoje, likizo ya uzazi inaheshimiwa? Ana majibu ambayo hayamo kwenye kipeperushi.

Walimu wenzangu, lawama nyingine ni zetu. Tunapanga mtihani wa majaribio siku ya maonesho. Tunaalika benki na kampuni za simu, tunasahau maabara za maji, mamlaka ya hali ya hewa, viwanda vya mafuta, wachenjuaji wa dhahabu. Tunayaweka maonesho miji mikubwa, halafu tunashangaa kijana wa mkoani hakufika. Nauli ya kutoka huku si jambo dogo kwa mwenye kutegemea mkopo. Chuo kinachoweza kukodi basi la kuwaleta wanafunzi Sekenke waone mwamba kinaweza kukodi basi hilohilo liwapeleke Geita waone waajiri, na safari zote mbili zihesabiwe kuwa masomo. Na kwa wachimbaji na wenye viwanda wa hapa: nanyi wekeni mabanda yenu. Mtu anayechenjua marudio Shelui ana mengi ya kumfundisha mwanafunzi wa kemia, na mwanafunzi huyo akirudi mwakani ana la kuwafaa.

Kesho asubuhi, kabla hamjapanda basi, mtashuka kwenye makarasha. Naomba kila mmoja wenu, wa somo lolote, amtafute mtu mmoja anayefanya kazi pale na amuulize kazi yake kuanzia asubuhi hadi jioni, aandike. Wa hisabati waulize sampuli zinachukuliwaje. Wa biolojia waulize maji machafu yanakwenda wapi. Mratibu wenu atakusanya karatasi hizo, na atakayetaka kwenda Nzuguni mwezi Agosti aandike jina lake nyuma ya karatasi hiyo pamoja na swali moja atakalouliza huko.

Sasa ni zamu ya wazee kuuliza, kisha nyinyi.